Kupogoa Miembe na Miti Mingine ya Matunda Tabora na Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye nyua za Isevya, Ng'ambo na Cheyo, kwenye mashamba ya Uyui na Sikonge, na kila ninapokwenda Ujiji na Kasulu kwa kazi. Ninayajibu karibu kila wiki, na kila mara naona jinsi jibu moja likikosekana mti unaumia kwa miaka. Mengi yanahusu mwembe, kwa sababu huku ndio mti wa kila nyumba. Mchungwa, mpera, mparachichi na mchikichi vina sehemu yao mbele.

## Ya msingi

Kupogoa ni nini? Si kukata matawi tu?

Anayekata matawi anatafuta kuni au nafasi ya kujenga. Anayepogoa huuzunguka mti kwanza, hata robo saa, ndipo aamue tawi lipi liondoke ili yanayobaki yapate jua na hewa. Chakula cha tunda kinatengenezwa na jani lenye jua. Jani lililofichwa gizani halina faida kwa mti, na tawi lililobeba majani ya namna hiyo hukauka polepole. Simama chini ya mwembe usioguswa miaka 20 utazame juu: utaona vijiti vitupu, na embe zote ziko nje kabisa, huko upondo usikofika.

Hewa nayo ina kazi yake. Chule, ule ugonjwa unaoacha madoa meusi kwenye embe, unapenda unyevu unaokaa, na hujificha kwenye vijiti vilivyokufa na mabua makavu ya maua ya mwaka jana. Ubwiri unga, ule unga mweupe unaokausha maua wakati wa baridi, hustawi kwenye mti uliofungamana. Mti uliofunguka hukauka umande mapema, na ukipiga dawa inafika ndani.

Mwembe wa babu haukuguswa maisha yake yote na ulizaa. Kwa nini niuguse wa kwangu?

Ulizaa kweli. Miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji ni urithi wa njia ya misafara ya karne ya 19. Hata Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, wenyeji husimulia ilikuwa chini ya mwembe. Miti ile ilipandwa kwa kivuli, na kivuli imekipa vizazi vingi.

Wewe unataka embe ya kuuza. Embe inayoanguka kutoka mita 15 imepondeka kabla haijagusa kapu, na ndiyo maana msimu ukifika zinaoza chini ya miti wakati mnunuzi wa mjini anatafuta embe iliyochumwa kwa mkono, na kikonyo chake. Pogoa ili embe ije karibu na mkono wako. Faida nyingine zote zinafuata hapo.

Kupogoa kunaondoa ule mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika?

Hakuondoi, kunapunguza. Mti ukibeba kupita kiasi mwaka huu, unamaliza akiba na unashindwa kutoa machipukizi ya kubeba maua mwakani. Ukipunguza ncha kila mwaka baada ya kuvuna, machipukizi mapya hutoka mapema na tofauti ya mwaka kwa mwaka hupungua. Aina nayo ina sehemu yake: zipo zenye tabia hiyo ya mwaka mmoja mmoja hata uzitunze vipi.

## Wakati

Nipogoe mwezi gani?

Mara tu baada ya kuvuna. Likikumbukwa jibu moja tu katika ukurasa huu, liwe hili.

Sababu yake ni hii. Mwembe hutoa maua kwenye ncha ya tawi, na ncha hiyo lazima iwe imekomaa: majani yake ya kijani kibichi iliyokolea, magumu, yasiyo na ule wekundu wa uchanga. Mvua zetu Tabora ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kigoma huanza mapema kidogo na hujivuta hadi Mei. Ukivuna na kupogoa Januari, au Februari kwa aina zinazochelewa, mti unapata miezi ya mvua iliyobaki kutoa machipukizi mapya. Machipukizi hayo hukomaa mvua inapokatika, kisha baridi ya Juni na Julai huyaambia yatoe maua.

Ukisubiri hadi Mei au Juni kwa kuwa ndipo una nafasi, unakata zile zile ncha zilizokuwa zinajiandaa kuchanua. Mimi nililifanya kosa hilo nilipoanza kazi. Mama mmoja alikuwa na miembe sita nyuma ya nyumba. Nikaja mwezi wa sita na msumeno mpya, nikaisafisha yote vizuri sana, ikapendeza. Mwezi wa nane miti ya majirani ilikuwa imejaa maua, ya kwake ilikuwa na majani mekundu machanga tu. Msimu mzima alikosa embe, na embe zile ndizo zilizokuwa zinalipa sare za watoto. Nilirudisha fedha yake na mwaka uliofuata nikamfanyia kazi bure. Tangu siku hiyo mtu akiniita Juni kwa mwembe wenye afya, namwomba anisubiri hadi avune.

Januari mvua inanyesha. Kidonda hakitaoza?

Chagua siku ambayo mvua imepumzika, na ufanye kazi asubuhi ili mkato ukauke kabla ya jioni. Mti unaokua kwa nguvu hufunga kidonda haraka, na wakati wa mvua ndipo unapokua. Kidonda cha kiangazi hukaa wazi muda mrefu zaidi.

Na matawi makavu au yenye ugonjwa?

Hayo hayana msimu. Yaondoe siku unayoyaona, kisha yachome au yazike mbali na shamba. Ukiyalundika chini ya mti, umehamisha ugonjwa kutoka juu kwenda chini, na mvua itaurudisha.

Ni lazima kufuata mwezi mchanga?

Hapana. Fuata mavuno na mvua.

## Mkato wenyewe

Tawi likatwe wapi hasa?

Tazama pale tawi linapotoka kwenye shina. Utaona uvimbe kama kola ya shati, gome limejikunja kidogo. Pitisha kidole chako: upande wa shina ni mnene, halafu unashuka kwenye tawi. Kata pale uvimbe unapoishia, upande wa tawi. Kola hiyo ndiyo yenye uwezo wa kufunga kidonda, na mwaka ukipita utaona mdomo wa gome jipya unakizunguka kidonda mviringo kama bangili.

Makosa ni mawili na yote ninayakuta kila siku. La kwanza ni kuacha kisiki, kipande cha kutundikia kapu. Kisiki hakina majani ya kukilisha, hufa, huoza, na uozo huingia ndani ya shina. La pili ni kukata sambamba na shina hadi kola yenyewe inaondoka, na kidonda kinakuwa kikubwa maradufu.

Tawi ni zito, likianguka linachana gome la shina. Nifanyeje?

Mikato mitatu. Wa kwanza, sentimita 30 hivi kutoka shinani, uanzie *chini* ya tawi hadi robo ya unene wake. Wa pili, sogea nje kidogo, ukate kutoka juu hadi tawi lianguke. Likichanika, mpasuko utaishia kwenye ule mkato wa chini. Wa tatu ni kuondoa kipande kilichobaki, pale kwenye kola. Kama chini kuna bati la nyumba au banda la kuku, lifunge tawi kwa kamba kwanza na mwenzako alishushe taratibu.

Kupunguza ncha kunafanywaje?

Angalia tawi dogo la mwembe kwa karibu. Hukua kwa hatua: sehemu yenye majani yaliyotawanyika, kisha pete ambapo majani mengi yamesongamana, kisha hatua nyingine. Ukikata juu tu ya pete, macho yote ya pale huamka pamoja na unapata fagio la vijiti dhaifu vinavyogombana. Kata *chini* ya pete. Yatatoka machipukizi matatu au manne, yaliyoachana, yenye nguvu. Baada ya kuvuna, hakikisha na mabua makavu yaliyobeba embe yameondoka.

Nipake nini kwenye kidonda? Rangi, lami, kinyesi cha ng'ombe?

Mkato mdogo usipake kitu. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kuangalia vidonda kwa ndani, akaonyesha kwamba rangi za kupaka hazizuii uozo. Mti wenyewe hujenga ukuta wa kuutenga. Lami hufungia unyevu ndani. Kinyesi kinaleta vijidudu mahali tulipotaka pawe safi.

Mkato mkubwa kuliko kifundo cha mkono, wakati wa mvua, naupulizia dawa ya kopa, ile ya kuua kuvu, mara moja. Na tawi nene lililozoea kivuli likafunuliwa juani ghafla nalipaka chokaa iliyokorogwa na maji, upande wa juu, kwa sababu jua la Tabora la Septemba na Oktoba huunguza gome hadi likapasuka.

Panga linatosha?

Panga ni la kufyekea. Likigonga tawi linaacha nyuzi zilizochanika, na mara nyingi lina uchafu wa kazi nyingine. Nunua mkasi wa kupogolea kwa vijiti vya unene wa kidole, na msumeno wa kukunja kwa matawi. Vifaa hivyo viwili vinatosha familia yenye miti 20. Chenso ni ya matawi makubwa na ya mtu aliyefundishwa. Juu ya ngazi ni hatari kubwa.

Ukimaliza mti wenye ugonjwa, futa kifaa kwa spiriti kabla hujagusa mwingine, au kichovye kwenye jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Jiki inaleta kutu, hivyo kausha na upake mafuta.

Nikate kiasi gani kwa mara moja?

Usivuke robo ya majani, na theluthi ni kwa mti wenye nguvu sana. Ukikata zaidi, mti hujibu kwa hofu: hutoa machipukizi wima, marefu, laini, mengi kama nywele, na msimu wa kwanza hayazai. Yakitoka, acha mawili au matatu yanayoelekea nje, mengine yang'oe yakiwa bado machanga.

## Mche mchanga

Mche wangu una mwaka mmoja tu. Nianze kweli?

Huu ndio wakati wa bei rahisi kuliko wote, dakika mbili kwa mkasi. Mche ukifika kiunoni au zaidi kidogo, kata ncha, sentimita 60 hadi 100 kutoka ardhini. Yakitoka machipukizi, chagua matatu au manne yaliyotazama pande tofauti na kupishana kimo kwenye shina. Hayo ndiyo mifupa ya mti. Kila moja likiongezeka nusu mita, likate ncha tena ligawanyike. Miaka miwili hivi una mti mpana, mfupi, wenye matawi mengi ya kubebea.

Tawi lenye pembe finyu sana na shina, kama herufi V, ni adui wa baadaye: gome limebanwa katikati na siku limebeba embe litapasuka. Likiwa bado changa, livute kwa kamba na kigingi lilale kidogo, au liondoe.

Mche umetoa maua mwaka wa pili. Niyaache?

Yaondoe. Najua inauma. Mche unaobeba kabla ya mifupa kukomaa hudumaa.

## Mwembe mkubwa wa zamani

Mwembe una kimo cha ghorofa tatu. Unaweza kushushwa?

Unaweza, kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza toa tawi moja au mawili ya katikati, kutoka asili yake, ili kufungua dirisha la jua juu. Machipukizi yatatokea chini na ndani. Hayo ndiyo mti wako mpya. Mwaka wa pili na wa tatu shusha mengine. Ukiushusha wote siku moja, rudi kwenye swali la kiasi gani ukate, ndicho kitakachotokea.

Jamaa wa kuchoma matofali anasema atanipogolea bure, achukue kuni. Nikubali?

Usikubali. Nimeona miembe mingi ikiuawa kwa mapatano haya kuliko kwa ugonjwa. Faida yake iko kwenye tawi nene, na tawi nene ndilo lenye miaka 40 ya kazi ya mti ndani yake. Mlipe mpogoaji kwa mti, mkubaliane matawi yapi kwa kuyafunga kitambaa kabla hajapanda, na kuni zibaki zako. Ukitaka kumpa au kumuuzia jirani, ni uamuzi wako baadaye.

Wazee waliukatakata mwembe mgumba kwa panga na ukazaa. Ni kweli?

Mara nyingine ni kweli, na wazee hawakusema uongo. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia gome. Gome likijeruhiwa, sukari hubaki juu na tawi linaweza kutoa maua. Lakini majeraha yale hufungua mlango wa uozo na wadudu watobozi, na yakizunguka shina lote mti unakufa. Tafuta kwanza sababu ya ugumba: mara nyingi ni kivuli, au mti umepogolewa kwa wakati usiofaa, au umeota kwenye mbegu na bado ni mchanga.

Embe zake ni ndogo na zina nyuzi. Niukate nipande mwingine?

Hapana, una mizizi ya thamani kubwa pale chini. Mvua zinapoanza, ukate hadi mita moja au moja na nusu, ukiacha tawi moja la kuulisha. Machipukizi yakifika unene wa penseli, chagua manne hadi sita, mwite fundi wa kubebesha aunganishe juu yake vikonyo, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye mti wa aina unayoitaka, kama Apple, Kent au dodo nzuri ya jirani. Vikishika na kukua, ondoa lile tawi la kulisha. Wakati huu usiuache bila kuangaliwa: machipukizi ya mti wa zamani yatataka kuvipita vikonyo, yaondoe kila wiki.

## Miti mingine

Nilinunua mchungwa, sasa unazaa malimau makali. Niliuziwa mche bandia?

Huenda hapana. Mchungwa wa kubebeshwa una mizizi ya mlimao. Chipukizi lilitoka chini ya pale palipobebeshwa, halikuondolewa, likaupita mchungwa wenyewe. Kama kuna tawi la chungwa bado hai, ondoa yote yaliyotoka chini ya kovu la kubebesha. Yang'oe kwa mkono yakiwa madogo, yatarudi kwa shida. Zaidi ya hapo mchungwa hautaki kukatwa sana: ondoa makavu, yanayosuguana, na yanayogusa ardhi.

Mpera je?

Mpera ni kinyume cha mwembe, huzaa kwenye chipukizi jipya. Kwa hiyo unaupunguza kwa ujasiri, na maua hufuata.

Mparachichi wa Kasulu umerefuka, tunavuna kwa kurusha fimbo.

Baada ya kuvuna, toa tawi moja refu kila mwaka, lile la juu kuliko yote. Gome lake linaungua haraka sana na jua, kwa hiyo chokaa ni lazima (tazama swali la kupaka vidonda).

Mchikichi unapogolewa?

Ndiyo, kwa uangalifu kuliko mti wowote. Mchikichi una moyo mmoja, ukiukata umekufa. Kila kuti limebeba kwapani mwake uwezekano wa mkungu, na makuti ndiyo jiko la mafuta. Mchikichi mkubwa uachwe na makuti 32 hadi 40, na chini ya mkungu unaoiva yabaki mawili. Anayekwangua hadi ukabaki mkia wa jogoo anaufanya utoe maua ya kiume mengi na mikungu michache. Michanga isikatwe kuti la kijani kabla ya kuanza kuvuna. Wenye mbegu mpya za Tenera, mchikichi chotara, wafuate maelekezo ya TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo cha Kigoma.

Mpapai na mfenesi?

Mpapai toa majani makavu tu. Mfenesi huzaa kwenye shina na matawi manene, hivyo safisha vijiti vya ndani, acha ya kubebea.

## Hali za pekee

Juu kuna sisimizi maji moto. Niwapulizie dawa?

Waache. Wanauma, lakini wanamfukuza inzi wa matunda, yule anayeweka funza ndani ya embe. Kata tawi lenye kiota mwisho, na ukiweza lihamishie mti mwingine.

Kuna nyuki kwenye pango la mti.

Mwite mrina asali, Tabora hawakosekani, awahamishe jioni. Msumeno usiguse shina kabla yake.

Kwenye tawi pameota mmea mwingine wenye majani tofauti.

Ni kimelea. Ndege hula matunda yake na kuacha mbegu zenye ulimbo kwenye gome. Mizizi yake iko ndani ya mbao, kwa hiyo kuukata wenyewe hakusaidii. Kata tawi, sentimita 30 kutoka pale ulipoota kuelekea shinani.

Nawashwa na kutoka malengelenge nikikata mwembe.

Ni utomvu. Vaa mikono mirefu na glavu, usikae chini ya mkato, na ukidondokewa osha kwa sabuni papo hapo. Kinga macho.

Matawi yanagusa nyaya za umeme.

Usiguse, hata kwa upondo mkavu. Toa taarifa TANESCO. Mti ukiwa kando ya barabara ya mtaa, muone mtendaji kwanza, kwa kuwa huenda si wako.

Shina lina pango, na liko karibu na nyumba. Nijaze saruji?

Saruji hufungia maji na kusugua mti unapoyumba. Gonga shina kwa mgongo wa panga ukizunguka: pakilia kama ngoma karibu pande zote, mwite fundi aupime kabla ya dhoruba za Novemba. Pakilia upande mmoja tu, punguza uzito wa matawi yaliyoelekea nyumba kwa misimu miwili, acha pango wazi likauke, na banda la kuku au kitanda cha kupumzikia kiondoke upande huo mpaka kazi iishe.